Waliosoma historia vyuo vya kanisa tukutane hapa: ni shule au ni mahubiri?

Mswahili wa Kivukoni (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Dirisha la udahili likikaribia simu yangu haipoi. Wiki hii tu wamenipigia shemeji yangu wa Mbagala, jirani wa Kimara na mama mmoja wa kwaya ambaye namba yangu sijui kaipata wapi. Wote habari moja: mtoto kamaliza kidato cha sita, HGK au HGL (historia, jiografia na Kiswahili, au Kiingereza), anataka kuomba chuo cha kanisa asome historia, aende asiende? Ukiwaacha waongee kidogo linatoka la moyoni: huko atafundishwa historia, au atahubiriwa miaka 3 kwa ada yangu?

Basi niseme mara moja, nikipigiwa tena natuma huu uzi.

Mimi nimesoma huko. Chuo sikitaji, maana nina maneno yangu machache juu yake na sitaki kesi. Digrii ya sanaa na elimu, historia na Kiswahili. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, siku hizi kanisani mnaniona Krismasi na kwenye misiba. Nimeliweka wazi ili mjue mnasikia kutoka kwa nani.

Nianze na kilichonitisha. Muhula wa kwanza kila mwanafunzi, hata wa uhasibu, alipangiwa kozi ya maadili na kozi ya utangulizi wa Biblia. Na sapu, yaani mtihani wa marudio ukifeli, zimo kama kozi nyingine yoyote. Kuna jamaa wawili darasani kwetu walivuka vita kuu zote mbili za dunia bila mchubuko, wakaja kupigwa sapu na manabii wadogo.

Historia zenyewe kwa majina hazina ajabu. Afrika kabla ya ukoloni, mbinu za utafiti, Afrika Mashariki tangu karne ya 19, Tanzania, Ulaya tangu Matengenezo ya 1517, historia ya kanisa Afrika, uhusiano wa Ukristo na Uislamu, uandishi wa historia, halafu tasnifu mwaka wa 3. Toa mbili tatu hapo, orodha inafanana na ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na si ajabu, kwa sababu walimu wetu wakongwe walipikwa Mlimani, kwenye idara iliyoanza 1964 chini ya Terence Ranger, idara ya kina Kimambo na Temu, idara aliyofundisha Walter Rodney, yule mkosoaji mkali wa ukoloni. Anayedhani mchungaji anaingia darasani na Zaburi kufundisha ukoloni amepotea njia. Sisi ukoloni tulifundishwa na mtu mwenye kola ya kichungaji aliyemtaja Rodney mara nyingi kuliko mtume Paulo.

Lakini kipindi kilichonibadilisha kilikuwa kimoja, na kilikuwa kwenye hiyo hiyo historia ya kanisa niliyokuwa nimeidharau. Saa nane mchana, feni imekufa, nusu ya darasa imesinzia. Mwalimu akaingia na karatasi moja tu ya kopi, akaanza kutusimulia Mombasa.

Sultani wa Mombasa aliuawa 1614 kwa njama za Wareno. Mwanawe, Yusuf bin Hasan, akapelekwa Goa, koloni lao kule India, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa jina Dom Jerónimo Chingulia, akaoa mke Mkristo. Alipokuwa mtu mzima Wareno wakamrudisha Mombasa akalie kiti cha baba yake, wakiamini wamepata mfalme wao. Agosti 1631 akaingia Ngome ya Yesu na watu wake, akamchoma kisu kapteni wa Kireno, akarudi kwenye Uislamu. Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, wakauawa kwa wingi. Mwaka 1632 Wareno wakaja kumzingira, wakashindwa. Baadaye aliondoka mwenyewe na meli, akafia mbali 1638.

Mwalimu akanyamaza, akatuangalia. Mimi nikajua sasa linakuja somo la mashahidi wa imani, tufunge kwa sala. Akauliza: "Haya yote tumeyajuaje?"

Hakuna aliyejibu. Akageuza karatasi. Kumbe sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu siku zile imetoka kwenye baraza la kanisa lililokaa Goa, walionusurika wakahojiwa ili kuamua kama waliokufa watangazwe wafia imani. Baraza halikuitwa kuchunguza ushuru wa forodha wa Mombasa ulikuwa unaishia mfukoni mwa nani, wala mtoto wa miaka michache alijisikiaje kulelewa na washirika wa waliomuua baba yake. Liliitwa kwa swali moja, na mashahidi wakajibu swali hilo. Sultani hakuitwa kujieleza, na angeitwa asingekuja.

Akatupa kazi: tuandike kurasa 3 tukitumia ushahidi huo huo wa kanisa, lakini tutafute kile ambacho kanisa halikuwa linakitafuta. Wakuu, nilikesha. Tangu shule ya msingi historia kwangu ilikuwa sababu tano na madhara sita. Siku ile ndiyo niliona kwamba hati ina mwenyewe, ina siku yake na ina shida yake, na kwamba unaweza kuibana mpaka ikasema ambalo haikukusudia. Na aliyenionyesha ni mchungaji, kwa hati ya kanisa. Sijui kama angenionyesha vizuri hivyo mtu asiyeona uchungu wowote na hati yenyewe.

Baada ya hapo mambo yalifuatana. Bagamoyo tulikwenda na basi la chuo. Sote tulikuwa tunajua kwamba wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika pale 1868 na kuwakomboa watumwa. Mwalimu akatupeleka makaburini kwanza, makumbusho baadaye. Waliokombolewa wengi walikuwa watoto walionunuliwa. Wakaishi kwa kengele, kazi za shamba kwa kengele, ndoa kwa mpango wa misheni. Je, huo ni uhuru? Tulibishana ndani ya basi mpaka Bunju. Na pale pale Bagamoyo ndipo mwili wa Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, ukiwa umebebwa kutoka Chitambo, Zambia ya leo, alikofia mwaka uliotangulia. Tarehe ya kufa kwake tulifundishwa tangu shule ya msingi. Majina ya Chuma na Susi, waliomfikisha, na Jacob Wainwright, aliyechonga maandishi kwenye mti walipouzika moyo wake, mimi niliyasikia vizuri nikiwa chuo.

Jumamosi nyingine tulipangwa Kivukoni, kwa miguu. Azania Front, halafu Mtakatifu Yosefu. Makanisa mawili, moja la Kilutheri moja la Kikatoliki, yote yamejengwa miaka ile ile, yamekamilika 1902, yote yanaitazama bandari. Yalijengwa Wajerumani wakiwa wameshahamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mwalimu akauliza milango inamtazama nani, Mzaramo wa Gezaulole au Mjerumani anayeshuka melini? Tukaenda sanamu ya Askari. Hapo napita tangu mtoto, siku za daladala za Posta, sikujua kwamba kabla ya askari huyu wa 1927 ilisimama sanamu ya Wissmann, yule kamanda wa Kijerumani aliyekuja kumzima Abushiri, kiongozi wa vita ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, ikaondolewa Waingereza walipouteka mji 1916. Tukamalizia hadithi ya Pugu: misheni ya Wabenediktini iliyoanza 1888 ikachomwa Januari 1889 kwenye vita hiyo hiyo. Miaka mingi baadaye, Pugu hiyo hiyo, katika shule ya Wakatoliki, Julius Nyerere ametoka Edinburgh 1952 anafundisha historia, na 1955 anaacha chaki kwa ajili ya TANU.

Sasa maneno yangu machache. Maktaba yetu ilikuwa na vitabu vya teolojia mpaka darini na rafu mbili za historia, nyingi zimechoka. Kozi ya uandishi wa historia, ambayo ndiyo moyo wa fani, mhadhiri alikuja mara nne muhula mzima, tukafanya mtihani kwa desa, yaani madokezo ya kurithi, la mwaka wa juu yetu. Ada inauma ukilinganisha na chuo cha serikali, na bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa hakuna mchungaji anayekulisha.

Kwa hiyo kwa swali la shemeji: mahubiri yapo, yako kwenye kanisa la chuo Jumatano asubuhi. Darasani nilikuta shule. Ulizeni.

Dogo wa Mtongani

Mkuu umeandika vizuri ila historia ni kukariri tu, na ajira hamna. Huyo mtoto apelekwe VETA akajifunze umeme, mwaka wa pili anaanza kula.

Binti wa Tandika

Assalaam aleikum wakuu. Mimi ni Muislamu na nimesoma historia chuo cha kanisa, si lazima kiwe hicho cha mwanzisha uzi. Nilikwenda kwa sababu ndipo nilipopangiwa, marehemu baba alikasirika wiki nzima.

Hakuna aliyenibatiza. Hijabu nilivaa miaka yote 3. Kozi ya Biblia nilipata A, na nikawa nawafundisha Wakristo wenzangu usiku kabla ya mtihani, wanipe chipsi. Lakini kaka yangu wa Kivukoni umepita haraka pale ambapo mimi ningesimama.

Kozi ya Ukristo na Uislamu: majuma 14, Uislamu wenyewe ulipewa 2, tena kama mandhari ya nyuma ili Wareno na wamisionari wapate pa kuingilia. Kilwa tuliigusa kwa kipindi kimoja! Mji uliokuwa unapiga sarafu zake wenyewe, Ibn Battuta kaufikia 1331, magofu yake yamo kwenye urithi wa dunia tangu 1981, unapewa saa moja, halafu mmisionari Krapf kufika Mombasa 1844 anapewa juma zima na ramani. Biashara ya utumwa ndiyo usiseme. Kila mfano Mwarabu, Mwarabu. Nikanyoosha mkono nikauliza: Mfalme Afonso wa Kongo alipomwandikia mfalme wa Ureno 1526 kulalamika watu wake wanakamatwa na kuuzwa, alikuwa anamlalamikia Mwarabu? Mwalimu akacheka, akaniambia kipindi kijacho nikifundishe mimi. Nikakifundisha.

Kwa hiyo sisemi mtoto asiende. Mimi nasema aende na maswali yake, asiyaache kwenye begi la nyumbani. Na wazazi wa Kiislamu waulize mapema kuhusu kozi za lazima, wasisubiri wiki ya kwanza.

Mswahili wa Kivukoni

Waaleikum salaam dada yangu. Hapo kwenye majuma 2 umenishika, nakubali, kwetu ilikuwa hivyo hivyo na mimi sikuona. Mtu haoni alichoachiwa nje kama kilichowekwa ndani ni cha kwao. Ile barua ya Afonso tuliisoma, ila kwenye kozi nyingine kabisa, haikuwekwa meza moja na Mkunazini, soko la watumwa la Zanzibar.

Dogo wa Mtongani, umeme ni kazi nzuri, mdogo wangu ni fundi na ananikopesha. Ila kukariri ni kwa sekondari. Chuo ukikariri unadisko, unafukuzwa kwa kufeli.

Mpiga Chaki

Niingie kwa upande wa ajira, maana nipo darasani Temeke mwaka wa 9.

Wengi wanaosema "anasoma historia" mtoto wao anasoma ualimu, masomo mawili ya kufundishia. Hilo somo la pili ndilo la kuangalia sana. Historia na Kiswahili sasa hivi si mchanganyiko mbaya, kwa sababu mtaala mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, lazima, na inafundishwa kwa Kiswahili. Watu tuliosoma historia yote kwa Kiingereza tunahangaika: "primary source" unawaambiaje watoto? Mimi nasema chanzo cha awali, mwenzangu wa darasa la jirani anasema chanzo cha msingi, watoto wanadhani ni vitu viwili. Aliyesoma Kiswahili sambamba anatembea.

Lakini msidanganywe, walimu wa sanaa ni wengi kuliko nafasi. Siku hizi ni usaili, mnaitwa ukumbi mzima. Anayesoma historia tupu bila ualimu ajue mapema anaelekea wapi: makumbusho, nyaraka, utalii, uandishi wa habari, sheria baadaye. Asikae akisubiri tangazo.

Na kuhusu vyuo vya kanisa: fildi, mazoezi ya kufundisha, nimepokea wanachuo wa kila aina hapa shuleni. Wa vyuo vya kanisa wanakuja wamechomekea na andalio la somo limejaa. Kujua somo ni bahati ya mtu.

Mama wa Kibamba

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi ndiye yule mama wa kwaya 😂 namba nilipewa na mwinjilisti.

Binti yangu HGK: historia D, jiografia E, Kiswahili D. Anasema hafai. Kweli hafai?

Mpiga Chaki

Mama yangu, anafaa. Utaratibu wa TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa mtu wa kidato cha sita ni alama mbili za ufaulu mkuu zenye jumla ya pointi 4 katika masomo yanayodai kozi hiyo. D ni pointi 2. Historia na Kiswahili tayari 4, na ndiyo masomo yake ya kufundishia. Ila fungueni mwongozo wa udahili wa mwaka huu msome mstari wa chuo chenyewe, kwa kuwa chuo kinaweza kuweka sharti lake juu ya hapo. Jina la chuo hakikisheni limo humo. Kama halimo, msilipe hata senti.

Aliyepanda Ndege

Niongeze ya mbali kidogo. Marekani vyuo vya Kikristo vya aina hii ni vikongwe, Wheaton kule Illinois ni wa 1860 na rais wake wa kwanza, Jonathan Blanchard, alikuwa mpinga utumwa. Mark Noll alifundisha historia hapo miaka mingi kabla ya kuhamia chuo cha Notre Dame 2006. Kule mjadala huu wa imani na taaluma una maprofesa wake na vita vyake. Sisi hapa sheria iliyoruhusu vyuo vikuu binafsi ni ya miaka ya 1990, Mtakatifu Augustino Mwanza ni 1998, Mtakatifu Yohana Dodoma ni 2007. Kwa hiyo tunapowalaumu kwa maktaba tukumbuke umri. Ada sijatetea.

Dogo wa Mtongani

Umri gani, ada wanachukua ya mtu mzima.

Binti wa Tandika

😂😂 Dogo leo umesema.

Mswahili wa Kivukoni

Limebaki la tasnifu, watu watatu wameniuliza pembeni.

Hapa ndipo chuo cha kanisa kinapomzidi mwenzake, na vyuo vyenyewe havijui kujitangaza. Wengi hukimbilia Nyaraka za Taifa pale Upanga. Nendeni, mafaili ya Wajerumani yapo yamepangwa kwa herufi G, ila andaeni macho. Mwandiko wao wa mkono ni kama kuku kapita kwenye wino, na Kijerumani chenyewe hamna. Mimi nilikaa siku 6 nikatoka na ukurasa mmoja.

Msimamizi wangu akaniambia acha, kanisa lina karatasi zake na wewe ni mtoto wa nyumbani. Kwanza magazeti. Mnajua magazeti ya mwanzo ya Kiswahili yalikuwa ya wamisionari? Msimulizi wa UMCA, misheni ya Kianglikana, Zanzibar 1888, Pwani na Bara ya Walutheri na Rafiki Yangu ya Wakatoliki zote 1910. Humo Waafrika wanaandika kwa lugha yao, habari za safari, misiba, mvua.

Halafu madaftari ya ubatizo. Parokia moja pembezoni mwa mji ilinifungulia kabati. Jina la zamani, jina jipya, wazazi, msimamizi wa ubatizo, aliyebatiza. Nilikuwa natafuta majina ya mapadri wa Kizungu. Siku ya tatu nikaona kwamba msimamizi ni mtu yule yule, ukurasa baada ya ukurasa. Nikauliza ni nani. Mzee wa kanisa akasema huyo alikuwa katekista, alitembea vijijini kwa miguu, padri alikuja mara mbili kwa mwaka kumwagia watu maji. Tasnifu yangu ikabadilika hapo hapo. Badala ya wamisionari nikaandika habari za katekista, na watoto wa katekista nikawakuta, mmoja anauza mkaa hatua 200 kutoka kanisani, hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Alinikalisha mpaka magharibi.

Nilipata B+. Msimamizi alisema sura ya pili ni ndefu. Alikuwa sahihi.

Mama wa Kibamba

Mwanangu umenitoa machozi. Binti kausoma uzi wote, kajaza maombi jana usiku, historia na Kiswahili. Sasa ananisumbua: bibi yake mzaa baba alibatizwa Maneromango, kwa Walutheri. Hilo daftari litakuwa bado lipo? Na anapatajepata bila kufukuzwa?

Mswahili wa Kivukoni

Mama, shikamoo tena. Kama lipo au halipo watasema wao wenyewe, mchwa nao wana kanisa lao. Aanzie ofisi ya usharika, asiende moja kwa moja kwa mchungaji. Aende na barua ya utambulisho kutoka usharika wenu wa Kibamba, ajue jina la bibi la nyumbani pamoja na la ubatizo, na jina la baba yake bibi, kwa sababu kina Maria ni wengi. Abebe penseli, kalamu wengi hawaruhusu karibu na daftari. Simu ya kupiga picha aombe kwanza.

Na asiende Jumatatu. Wachungaji wengi siku hiyo wanapumzika, atakuta mlinzi tu na mbwa.

Mama wa Kibamba

Jumanne basi. Nitampa nauli na muhogo wa njiani.